Buabua wa Krismasi, Buabua wa Pasaka

Nyumba iliyokuwa na studio ya picha karibu na soko kuu la Bukoba ilibomolewa mwaka juzi. Ilikuwa na nyufa tangu lile tetemeko la ardhi lililoukumba mji, na mrithi wake alivumilia mpaka akapata mnunuzi. Sina ugomvi na mnunuzi. Mabati yalikuwa yamekwisha na ukuta wa nyuma ulikuwa umeegemea mgomba. Kilichoniuma ni yale mabokisi ya stoo. Kijana mmoja wa kubeba kifusi aliniambia, bila hata kuacha kazi yake, kwamba ndani mlikuwa na plastiki nyeusi za miraba, nyingi sana, wakawa wanawashia moto wa chai. Nikamuuliza kama aliziangalia.

“Niliziangalia, mzee. Watu wote walikuwa na meno meusi.”

Ndiyo namna negativu inavyomwonyesha mtu. Angeziinua kidogo zaidi kwenye mwanga, angeona juu ya vichwa vya watu wale madoa madogo yenye mabawa. Hao walikuwa ndege wa kisiwa cha Goziba wa miaka ya themanini. Hakuna aliyekusudia kuwapiga picha, na ndiyo maana nawaamini.

Mwenye studio alikuwa mtu wa Kamachumu, mfupi, mwenye kucha za rangi ya kahawia kwa sababu ya kutumbukiza vidole kwenye dawa miaka yote. Kazi aliipata kwa fundi wa Kihindi kabla ya Uhuru. Chumba cha mbele kilikuwa na pazia lililochorwa meli, mnazi na ndege ya abiria. Mnazi, katika mji wa migomba! Msumarini lilining'inia koti moja la kijivu ambalo nusu ya Bukoba ililivaa, na tai iliyokwisha kufungwa ili mteja asipoteze muda. Kitana kilifungwa kwa kamba kwenye kioo, kwa kuwa vitatu vya kwanza viliibwa. Nyuma ya pazia kulikuwa na mlango mwembamba, na nyuma ya mlango chumba cha giza chenye harufu ya siki na kitu kingine kikali kilichokaa kooni. Ua wa mwenye studio ulipakana na dirisha la chumba kile, na kila Novemba mkewe alikaanga senene hapo. Tangu wakati huo kwangu senene na siki ni harufu moja. Nikialikwa mahali senene wakaangwa vizuri kabisa, bila siki yoyote, huwa naona kama wamesahau kitu.

Nilikwenda kwake nikiwa nimemaliza kidato cha nne na sina la kufanya. Alinitazama, akaniuliza kama natapika majini. Nikasema sijui. Akasema basi tutajua, akanituma visiwani.

Fedha zilikuwa huko. Sangara alikuwa amelijaza ziwa, na Goziba, kisiwa cha mbali kuliko vile vilivyojipanga karibu na pwani ya Muleba, kilikuwa kambi ya watu wa kila kabila: Wakerewe, Wajita, Wasukuma, Wajaluo, Wahaya waliokimbia mashamba ya baba zao. Vibanda vya nyasi vilibanana, dagaa wametandazwa mchangani hadi mlangoni kwa mtu, na wavuvi wana noti mfukoni lakini hawana kioo kikubwa cha kujitazamia. Picha ndiyo ilikuwa kioo. Tulisafiri na mitumbwi ya mizigo kutoka Kemondo, tumekaa juu ya magunia ya chumvi na unga, tukaingia kunapambazuka. Nilitapika.

Safari zilifuata mwezi. Mvuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawaifuati karabai, naye hubaki nchi kavu, ameoga, ana fedha na hana shughuli. Mzee wa studio aliijua kalenda hiyo kuliko ya ukutani. Krismasi wakati mwingine iliangukia giza tukapata watu wachache. Pasaka haikutuangusha hata mara moja, kwa sababu Pasaka yenyewe huhesabiwa kwa mwezi mpevu. Hivyo misimu yetu miwili mikubwa ikawa ile ile ya ndege wanaoikimbia baridi ya Ulaya na Urusi: Krismasi wamekwisha kutulia, Pasaka wanajiandaa kuondoka.

Kamera ilikuwa Yashica ya macho mawili, ile inayoning'inizwa tumboni na kutazamwa kwa kuinamia. Mkanda wake ulitoa picha 12, na kila moja ilikuwa na mwenyewe aliyeilipia nusu. Kioo cha juu hugeuza kushoto kuwa kulia. Ukijaribu kumfuata ndege anayeruka kuelekea Mwanza, kwenye kioo anarudi Bukoba. Ukigeuka naye, unampoteza kabisa. Mtu aliyezaliwa na kamera ya simu hawezi kujua jinsi kifaa kile kilivyokudhihaki. Sikuwahi kumpiga ndege kwa makusudi, maana mzee angenikata fedha. Ndege walijiingiza wenyewe: mvuvi anasimama mchangani na miwani ya jua, redio kaseti begani, nyuma yake ziwa na dagaa wanaoanikwa, na ndege wanashuka kugombea dagaa.

Wateja hawakupenda. “Huyu ndege anafanya nini kichwani kwangu?” Kwa hiyo mzee aliwafuta. Nimemwona akifanya hivyo jioni nzima, negativu juu ya kioo chenye balbu chini yake, jicho moja limefumba. Buabua wa Krismasi ni mweupe, hivyo kwenye negativu ni doa jeusi, naye alimkwangua kwa ncha ya wembe, taratibu, mpaka doa lilingane na anga. Buabua wa Pasaka ni mweusi, kwa hiyo kwenye negativu ni tundu la mwanga, naye alimziba kwa penseli iliyochongwa kama sindano. Akikosea, mvuvi alipata nyota au kovu angani. Wale waliokuwa mbali na kichwa cha mteja aliwaacha, na ndio waliobaki.

Nilidhani ni ndege wawili tofauti. Aliyenisahihisha ni mvuvi mmoja wa Kikerewe, mtu mzima, ambaye hakutaka picha bali alipenda kukaa karibu na kamera.

“Ni huyo huyo, mwanangu. Anabadili nguo kabla ya safari.”

Ndivyo ilivyo. Buabua mabawa-meupe huzaa kwenye vinamasi kuanzia Ulaya ya mashariki hadi Siberia na Uchina, kisha wengi sana huteremka kukaa kwenye maziwa yetu. Anapotufikia ana rangi ya majivu na nyeupe, na doa jeusi nyuma ya jicho, kama mtu aliyesahau kufuta wino. Kuanzia Machi manyoya meusi huanza kuchomoza kwa viraka kifuani, na kufikia Aprili mwili wote ni mweusi ilhali mabawa yanabaki kung'aa. Halafu anaondoka. Mvuvi yule alinionyesha jambo jingine pia: buabua wakiruka chini wakidonoa uso wa maji, dagaa wako juu; wakizungukazunguka hewani, wanakula vile vijidudu vinavyopanda kutoka ziwani kama moshi siku za mwezi mwandamo, na hapo usijisumbue na wavu. Yeye alijua haya kwa sababu yalimlisha.

Baada ya hapo nikawa naangalia. Kulikuwa na vitwitwi wakikimbia ukingoni, shakwe wenye kichwa cha kijivu ambao ni wenyeji, mbayuwayu waliojaa kwenye kamba za nyavu jioni, na kidege kimoja cha njano kinachotikisa mkia kati ya dagaa bila kuwagusa, kwa kuwa kilifuata nzi. Mnandi walikuwa kwenye mawe, mabawa wameyafungua yakauke. Wote hao wamo nyuma ya wavuvi, kama hawakukwanguliwa.

Na hapa niseme jambo kuhusu tarehe. Ninazo picha chache nilizonunua kwa mzee alipokuwa anazeeka. Moja ina vijana wawili wameshikana mikono, na nyuma imeandikwa 12/86. Lakini juu yao kuna buabua watatu weusi tii. Desemba haina buabua weusi. Nilikwenda kumuuliza, akacheka: tarehe aliyoiandika ilikuwa ya siku mteja alipomaliza deni. Picha ilipigwa Pasaka, deni likaisha Krismasi. Au Pasaka ya mwaka uliotangulia. Kwa wavuvi inawezekana. Nimeacha kutafuta mwaka. Mwezi ninao.

Kuna waliokuwa wanatafuta hasa. Watafiti Waholanzi waliopiga kambi Ghuba ya Mwanza tangu 1977 kuchunguza samaki wa aina ya furu walijikuta wakiangalia ndege pia, maana furu, waliokuwa chakula cha ndege hao, waliangamia mbele ya macho yao. Jan Wanink na Kees Goudswaard walichambua mabonge ya mifupa anayoyatema kisharifu, yule mdiria wa madoa meusi na meupe anayesimama hewani kabla ya kuchapa maji, wakaona amehama kutoka furu kwenda dagaa. Dagaa ni mwembamba, hivyo inabidi azame mara nyingi zaidi ili ashibishe makinda yale yale. Niliposoma habari hiyo, miaka mingi baadaye, nilikumbuka jinsi wale visharifu wa Goziba walivyokuwa hawatulii. Nilidhani ni tabia yao.

Tukienda nyuma zaidi, mji wenyewe ulianza na mtu wa ndege. Emin Pasha, aliyeweka kituo cha Wajerumani hapa Bukoba 1890, alikuwa mkusanyaji mashuhuri wa ndege. Aliwapiga risasi, akawachuna, akapeleka ngozi zao kwenye makumbusho ya Ulaya. Miaka miwili baadaye aliuawa Kongo. Watoto wa shule wanafundishwa kituo, hawafundishwi ngozi.

Yaliyofuata nayaeleza haraka, kwa kuwa yalikwenda haraka. Picha za rangi zilikuja, tukawa tunapeleka mikanda kusafishwa Mwanza kwa meli. Baada ya meli ya MV Bukoba kuzama Mei ya 1996, mzee hakutaka tena mtu wake asafiri na mikanda, wala mikanda isafiri bila mtu, na biashara ikapungua nusu. Visiwa vya Bumbire, majirani wa Goziba, viliingia kwenye orodha ya maeneo muhimu ya ndege ya BirdLife, na ile hesabu ya ndege wa majini ya Afrika, inayofanywa kila Januari tangu 1991 kwa kuwa Januari wageni wametulia, inategemea watu wachache wa kujitolea. Mzee alifariki. Mwaka 2006 maji yalishuka sana, ufuko ukapanuka, vitwitwi wakapata uwanja ambao sikuwahi kuuona. Mwaka 2020 yalipanda hadi kuipita rekodi ya 1964, na mchanga nilioutumia kama studio ukawa chini ya maji pamoja na vibanda vya mbele.

Goziba ya leo ina mabati, na taa za sola zimechukua nafasi ya karabai, jambo jema kwa mapafu. Ina pia nyavu za plastiki zilizotupwa ukingoni, ambamo nimekuta mnandi amejinyonga, na korongo wale wenye mfuko shingoni wamejaa jalalani. Simu ziko mikononi mwa kila mtu. Si kweli kwamba vijana hawapigi picha za ndege; wanapiga kuliko sisi. Nimewaona wakirushia mawe kundi la buabua lililopumzika ili liruke vizuri kwenye video. Ndege hao wana safari ya maelfu ya kilomita mbele yao na wanahitaji mafuta mwilini, lakini video ilikuwa ya sekunde chache na ilipendwa. Nilipowakemea, mmoja aliniita babu, kwa heshima, akaendelea. Na wale wanaokuja na lenzi ndefu kutoka mjini wanataka furukombe tu. Anga yote nyuma yake wameifanya ukungu. Ni picha nzuri. Baada ya miaka arobaini hazitamwambia mtu nani mwingine alikuwepo siku hiyo.

Kwa hiyo siku hizi nazunguka Muleba nikibisha hodi kwenye nyumba za waliowahi kuvua, nikiomba kuona picha za ukutani. Karibu kila nyumba inayo moja ya Goziba, imefubaa, imeliwa pembe na mende. Mwezi wa pili nilifika kwa bibi mmoja nje kidogo ya Nshamba. Akanitolea ya marehemu mumewe: suruali pana, miwani, redio. Nikatoa lenzi yangu ndogo nikaiweka juu ya anga, upande wa kulia, nikawapata wanne, weupe, mmoja ana mkwaruzo wa wembe ulioishia njiani.

“Shikamoo tena bibi,” nikasema, “hii ilipigwa karibu na Krismasi.”

“Waitu, ilipigwa Pasaka. Nilikuwepo.”

Nikamweleza habari za manyoya, doa nyuma ya jicho, safari ya Siberia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaichukua picha, akaifuta kwa kanga, akairudisha ukutani.

“Mume wangu anakutazama,” akasema, “na wewe unatazama ndege. Ile miwani aliikopa. Andika hilo.”