Lugalo: Kambi Iliyo Jirani ya Wananchi

Ukitoka Mwenge kwa Barabara ya Bagamoyo, hukawii kufika Lugalo. Huenda umepita hapo mara nyingi ndani ya basi, ukawaona askari langoni, lakini hukuuliza jina hilo lilitoka wapi. Lugalo ni mahali katika nchi ya Wahehe ambapo, tarehe 17 Agosti 1891, mashujaa wa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski.

Zamani za mkoloni kambi hii iliitwa Colito. Humo ndimo yalimoanzia maasi ya askari ya tarehe 20 Januari 1964, jiji zima likaingiwa na hofu. Jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huo huo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.

Lakini wananchi walioonja hofu ile hawangeweza kuridhishwa na jina peke yake. Ilibidi waone matendo. Leo raia hutibiwa katika Hospitali Kuu ya Jeshi iliyopo Lugalo, sawa na askari. Na pale jirani, Makongo, watoto wa raia husoma katika shule ya sekondari ya Jeshi.

Basi, utakapopita tena, mwonyeshe mwanao kambi hiyo. Mweleze kuwa mwaka 1964 watu waliziogopa bunduki zilizotoka humo, na kwamba leo mama mwenye mtoto mgonjwa huelekea huko huko kutafuta tiba.