Kutoa ni Moyo: Ufunguo Niliokaa Nao Chuoni

Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hii nimeikariri tangu nikiwa shule ya msingi na kuitumia katika insha kadha wa kadha zilizonipa alama za kuridhisha. Hata hivyo, nakiri mbele yako, ndugu msomaji, kwamba sikuielewa maana yake hadi nilipojitolea kufundisha darasa la ngumbaru, na hata hapo ilinibidi kwanza nikosee.

Chimbuko la safari yangu ni mkebe wa majani chai. Humo marehemu nyanya yangu alihifadhi stakabadhi alizopewa kila mwezi mahali alikouzia maziwa. Hakujua kusoma wala kuandika. Aliponyoshewa karatasi, alitia kidole gumba na kwenda zake. Kumbukumbu zake alizihifadhi kwa punje za mahindi, kila lita punje moja. Nilipokuwa darasa la sita alinipa mkebe ule nimsomee. Nilisoma, naye akahesabu punje zake. Karatasi ilikuwa na lita chache kuliko punje. Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Basi miaka yote hii nimekuwa nikitia kidole kwenye nini, mjukuu wangu?" Sikuwa na jibu. Aliaga dunia kabla sijamfundisha hata herufi moja ya jina lake.

Watu wa aina ya nyanya si haba. Mwaka wa 1979 serikali ya Kenya ilianzisha kampeni ya kitaifa ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Karibu miongo mitatu baadaye, utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka wa 2007 ulibainisha kuwa asilimia 61.5 tu ya watu wazima ndio waliokuwa wamefikia kiwango cha chini kinachohitajika. Waliosalia walikadiriwa kuwa milioni 7.8. Ni kweli kwamba Januari 2004, mwaka mmoja baada ya elimu ya msingi kutolewa bila malipo, Mzee Kimani Maruge alijiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa na umri wa miaka 84, nasi sote tukamshangilia. Lakini ni wangapi wa rika lake waliokuwa na ujasiri wa kuketi dawati moja na vitukuu? Fauka ya hayo, kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinatamka kwamba kila mtu ana haki ya kupata elimu. Maskini, haki iliyoandikwa itamfaaje asiyeweza kuisoma?

Kwa mawazo hayo, nikiwa mwaka wa pili chuoni, niliomba chumba katika shule ya msingi iliyo mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka bwenini kwetu. Mwalimu mkuu alinikabidhi ufunguo, nami nikaanza kufundisha kila Jumamosi alasiri. Wanafunzi wangu walikuwa kumi na wanane, wengi wao akina mama. Walikunja magoti chini ya madawati ya watoto, wakaniita "mwalimu" ilhali ningeweza kuwa mwana wao wa kitinda mimba. Vitabu havikutosha, kwa hivyo tulisoma tulichokuwa nacho: kadi za kliniki, maandishi ya mifuko ya mbolea, na ujumbe wa M-Pesa. Mama mmoja alinieleza lengo lake bila kuficha: "Mwalimu, mimi nataka kujua pesa alizonitumia mwanangu bila kumpa mtu simu yangu na nambari yangu ya siri." Nilimkumbuka nyanya na mkebe wake.

Kisha mitihani ikaja. Jumamosi tatu mfululizo nilijifungia maktabani. Sikumwarifu yeyote, kwani nilijiambia kuwa mtu anayejitolea hadaiwi. Niliporudi nilipata watu saba. Yule mama wa M-Pesa hakunigombeza. Alisema kwa upole tu, "Sisi tulikuja, mwalimu. Jumamosi zote tatu. Mlango ulikuwa na kufuli." Ufunguo ulikuwa umening'inia kwenye msumari juu ya kitanda changu chuoni.

Maneno yale yalinichoma kuliko kemeo. Nilitambua kwamba nilikuwa nimewapa watu wale muda wangu wa ziada, ilhali wao walinipa imani yao yote. Kumfungulia mtu mlango, kisha ukaondoka na ufunguo, pengine ni dhuluma kuliko kutomfungulia kamwe. Je, nilitofautiana vipi na yule aliyemnyoshea nyanya karatasi, akijua kwamba hawezi kudai?

Wiki hiyo hiyo, kwa idhini ya mwalimu mkuu, nilichongesha ufunguo wa pili na kumkabidhi yule mama autunze. Niliwasihi wenzangu wawili wa idara ya Kiswahili tufundishe kwa zamu, ili mmoja wetu akibanwa, darasa lisibanwe naye. Aidha, niliwatembelea wale kumi na mmoja mmoja baada ya mwingine kuomba radhi. Sita walirudi. Watano hawakurudi, na hao ndio ninaowakumbuka kila Jumamosi ninapoandika tarehe ubaoni.

Wapenzi wa Kiswahili wenzangu, sisi tunaosoma lugha hii tuna hazina ambayo jirani zetu wanaihitaji kwa mambo ya kila siku. Tusiitoe kama makombo ya wakati wetu. Ukiamua kujitolea, ahidi kidogo unachoweza kukitimiza, na usibaki wewe peke yako na ufunguo. Juzi yule mama alinisomea ujumbe wa simu yake, silabi kwa silabi, hadi kwenye shilingi ya mwisho. Kisha akaifunga simu na kuitia mfukoni mwake mwenyewe.