Jina Pembeni mwa Mstari

Mabadiliko yangu ya kwanza katika OpenMRS yalikuwa mistari minne ya Java. Niliiandika Eldoret mwaka 2008, usiku, wakati mtandao wa setilaiti ulikuwa hauna watu wengi. Mfumo huo wa kutunza rekodi za wagonjwa ulikuwa ukitumika mjini kwetu tangu 2006, na msimbo wake uliachwa wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma. Kuandika ndiko kulikokuwa kwa wachache, wale waliopewa idhini katika hazina ya Subversion, programu iliyotunza msimbo na historia ya mabadiliko yake. Sisi wengine tulituma viraka.

Kiraka ni faili dogo la maandishi: mstari unaoondoka hutanguliwa na alama ya kutoa, unaoingia na alama ya kujumlisha. Unalibandika kwenye tiketi, ukurasa wa tatizo unalolitatua, unangoja. Changu kilirudi. Programu niliyoandikia ilikuwa imebadilisha nafasi za mwanzo wa kila mstari wa faili zima, basi mistari yangu minne ikafika imezama katika mamia ambayo sikuyakusudia kabisa. Aliyenijibu alinieleza kwa upole namna ya kuzima mpangilio ule, nikatuma upya. Hadi leo situmi kitu kabla sijasoma kila mstari wenye alama.

Kilipokubaliwa nilimwita kaka yangu aje aone. Nikamfungulia historia ya faili. Akaisoma taratibu, kisha akauliza, "Sasa wewe uko wapi hapa?"

Sikuwapo. Pembeni mwa mistari yangu palikuwa na jina la mwenye idhini aliyeiingiza. Ndivyo Subversion ilivyoundwa: ina nafasi ya jina moja tu, la anayeingiza. Bwana yule alikuwa muungwana, alinitaja katika maelezo ya mabadiliko, nami namshukuru. Lakini maelezo lazima uyafungue ndipo uyasome. Kaka alinipongeza, nikaona hakunielewa vizuri.

Kulikuwa na programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, Git. Linus Torvalds alipoitengeneza mwaka 2005, kwa ajili ya kiini cha Linux, viraka vya huko vilikuwa vikija kwa barua pepe kutoka kwa watu wengi na kuingizwa na wasimamizi wachache. Kwa hiyo ndani ya Git kila badiliko hubeba majina mawili: la aliyeandika na la aliyeingiza. Watu huisifia kasi yake, na jinsi historia yote ya mradi inavyokaa ndani ya kompyuta yako, jambo ambalo kwetu tuliohesabu dakika za mtandao lilikuwa neema kubwa. Mimi niliyapenda yale majina mawili.

OpenMRS ilihamia Git, na viraka vikawa maombi ya kuunganisha, yanayojadiliwa mstari kwa mstari huku majaribio yakijiendesha yenyewe. Jina nililolitamani likaja na deni lake. Git ina amri ya kuonyesha nani aliandika kila mstari, na maana ya jina la amri hiyo ni kulaumu. Miaka kadhaa baadaye mtu nisiyemjua alinifikia kwa njia hiyo, akaniuliza kwa nini nilipanga masharti fulani vile nilivyoyapanga. Nilikuwa nimesahau. Nusu siku ilikwisha nikiusoma msimbo wangu mwenyewe, kwani sikuweza kumwambia "sijui" kuhusu mstari wenye jina langu.

Siku hizi mimi ndiye mwenye idhini, katika mradi mdogo. Juzi lilikuja ombi la kwanza la mwanafunzi mmoja, kazi safi, ila mwandishi alisomeka "user", jina la kompyuta ya maabara anayoshiriki na wenzake. Majaribio yote yalikuwa yamepita. Sikuunganisha. Nikamwandikia: dada, weka kwanza jina lako, nitakuonyesha amri yake.

Asubuhi likarudi. Majina yake matatu, kamili.