Waranti ya bati haizibi tundu la msumari

Masika ya kwanza katika nyumba yao wenyewe ndiyo yaliyowagombanisha. Walikuwa wamehama chumba cha kupanga pale Horohoro, wakaingia kwenye nyumba ya vyumba vitatu waliyoijenga kidogo kidogo. Usiku mmoja mvua ikapiga sana, maji yakaanza kudondoka chumba cha watoto. Mama akatega ndoo, kisha sufuria, mwisho akawahamishia watoto wote sebuleni. Madaftari ya mkubwa, aliye darasa la saba, yalikuwa yameshalowa.

"Si ulisema bati lina waranti ya miaka 15?" mama akauliza gizani.

Ni kweli alisema. Asubuhi baba akachukua karatasi ya waranti kabatini, akapanda gari hadi Tanga mjini, kilomita 65, mpaka duka aliponunua. Muuzaji alimsikiliza vizuri, wakaisoma pamoja. Waranti ilikuwa ya bati lenyewe: likishika kutu kabla ya wakati, au rangi ikibanduka. Maji ya nyumbani kwake yalipitia matundu ya misumari, na hiyo ni kazi ya fundi. Tena risiti ya mashine aliyoikunja ndani ya karatasi ile ilikuwa imefutika, nyeupe kabisa. Risiti hizo hufifia kadiri muda unavyopita. Heri kutoa kopi siku hiyohiyo.

Sasa fundi alikuwa nani? Mdogo wake mama. Alilipwa fedha zote siku ya kushuka juu ya paa, maana alikuwa karibu kuoa, na hapakuandikwa kitu. "Nitamdai vipi shemeji yangu?" baba akasema. Mama akahisi lawama inageuzwa kwake. Siku mbili wakawa wanaongea habari za chakula na ada tu.

Huko Marekani mwenye nyumba anaweza kuilipa kampuni kila mwaka, na friji au bomba likiharibika kwa kuchakaa, kampuni inatuma fundi. Naye huongeza ada kila fundi anapofika, na paa mara nyingi halimo. Bima ni jambo jingine, ya moto na dhoruba. Kwetu waranti ni ya kitu kimoja kimoja: tangi, pampu, friji, bati. Na wakazi wa pwani kabisa, kama Moa, waulize kabla ya kulipa kama waranti ya bati inahesabu kutu ya hewa ya chumvi, kwa sababu nyingi zinaikataa.

Kazi ya mkono wa fundi haimo katika karatasi hizo. Kwenye mikataba mikubwa ya ujenzi, sehemu ya malipo huzuiwa mpaka muda wa kuangalia kasoro upite. Nyumbani inawezekana vilevile, ila ni vigumu kumwambia hivyo mtu mnayekula naye sahani moja.

Mama ndiye aliyepiga simu. Jumapili mdogo wake akaja, akapanda, akakaa juu kimya muda mrefu. Misumari kadhaa ilipigwa kwenye bonde la bati, maji yanapopita, badala ya mgongoni. Alikuwa amemwachia kijana wake upande ule. Akaing'oa, akaziba matundu kwa silikoni, akapiga mingine. Baba alinunua vifaa. Shemeji hakudai hela ya kazi.

Walipomaliza kula, baba akaleta daftari. Ilibaki baraza ya mbele kuezekwa. Aliandika bei, akaandika kwamba robo italipwa baada ya mvua za vuli, paa likiwa halivuji.

Fundi akasoma mara mbili. "Shemeji, na vuli isiponyesha?"

"Tutapanda na ndoo," dada yake akamjibu.

Akacheka, akaomba kalamu.