Maji ya kufulia na hofu ya Ijumaa

Ugomvi ulianza kwa maji machafu. Jirani aliyamwaga, yakaingia uani kwa mwenzake. Mwenzake akatoka kuuliza, wakashikana, na jirani akaanguka juu ya jiwe, mkono ukavunjika. Kwa miaka 12 wawili hao walikuwa wakiazimana ungo na mchi.

Aliyeumia alijaziwa fomu ya P3. Mwenzake naye akaanza kupigiwa simu usiku na mwanamume aliyejiita askari: jiandae, Ijumaa tunakuja. Wakenya wanaijua Ijumaa hiyo. Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ila zikiisha mahakama imefungwa, husubiriwa siku ya kazi inayofuata. Na yeye ana mtoto wa miezi 4, ananyonya.

Alilala kwa dada yake siku 3, kisha akaenda Mahakama Kuu kuomba dhamana kabla ya kukamatwa. Haitolewi ovyo, lazima uonyeshe kwamba haki zako zinatishiwa kweli, woga mtupu hautoshi. Simu zile ndizo zilizomfaa. Jaji akampa kwa masharti: aripoti kituoni Jumatatu, asimkaribie jirani.

Mtaani wakadhani kesi imekwisha. Wapi! Uchunguzi unaendelea, na anaweza kushtakiwa bado.

Asimkaribie, na ukuta ni mmoja! Siku hizi anafulia kwa dada yake. Jirani, mkono ungali kwenye plasta, hawezi kujifunga leso. Humfungia binti mkubwa wa mshukiwa, asubuhi kabla ya shule. Mama mtu yuko ndani, anasikia, amenyamaza.