Arki tisa za mama, na mbili zilizoninyima usingizi

Najua nimepotea. Nipo field, Musoma, nyumbani kabisa, na field yenyewe si unajua tena: asubuhi kazini, jioni narudi kuwa binti wa mama, usiku hoi. Ila leo lazima niandike. Kuna jambo limenikaa rohoni wiki ya pili hii, na nikilinyamazia nitakuwa mnafiki.

Nianze mwanzo. Mama yangu anauza barafu za maziwa. Msicheke, barafu hizo ndizo zinazonilisha chuoni bumu likichelewa, na bumu mnalijua tabia yake. Sasa mwaka huu biashara imedorora. Kuna mama mwingine mtaa wa pili kaja na barafu za ladha ladha, watoto wote wamehamia kwake. Siku moja mama akaniita jikoni, mikono kiunoni.

"Wewe si ndiyo unasoma mambo ya chakula huko? Mwaka wa tatu huu. Haya, nionyeshe hiyo elimu."

Jamani! Sijawahi kukutana na mtihani wa chuo ulionitisha kama ule.

Nikaingia sokoni Nyasho, nikamalizia maduka ya Mukendo, nikarudi na vichupa tisa vya arki. Kwa msioingia jikoni (kaka zangu nawaona), arki ni kile kichupa kidogo kinachokaa dukani jirani na hamira na rangi za keki. Ukiweka matone machache tu, maziwa yanajiita vanila, au nanasi, au chochote kilichoandikwa kwenye karatasi.

Nikaamua kufanya kisomi. Darasani tulifundishwa kwamba muonjaji asijue anaonja nini, maana jina linamdanganya ulimi. Basi vikombe nikaviandika namba. Maziwa ya aina moja, sukari kipimo kimoja, matone matatu kila kikombe, na maji ya kusukutua katikati. Halafu kila ladha ikaonjwa mara mbili, kwanza ikiwa ya maji, kisha ikiwa imeganda. Hapa ndipo wauzaji wengi wanapokosea. Baridi inaufisha ulimi, utamu unapungua na harufu haipandi vizuri puani. Kitu kinachokupendeza kwenye sufuria kinaweza kuwa bubu kabisa kwenye barafu.

Waonjaji walikuwa mama, mdogo wangu, vijana wawili wa bodaboda wa kijiweni kwetu, na mzee mmoja anayetembeza kahawa na birika lake jioni. Matokeo haya hapa, alama ni kwa kumi.

Vanila ya chupa ya kahawia: 8. Imetulia, haisumbui, hata ikiganda unaisikia.

Vanila ya bei chee: 5. Bodaboda mmoja alisema inanuka kama boksi jipya la viatu. Hakuwa mbali na ukweli.

Nanasi: 7. Ndizi: 4, ina ukali fulani wa rangi ya kucha. Halafu mjue kitu: kemikali kuu inayonukia ndizi kwenye arki ndiyo hiyo hiyo nyuki huitoa anapouma, ili kuwaita wenzake waje kusaidia. Kwa hiyo mdogo wangu akila barafu ya ndizi chini ya mzinga, shauri yake.

Chokoleti: 3. Tuiache.

Stroberi: 6. Hapa kulizuka mjadala. Nikawauliza, nani kati yetu amewahi kula stroberi yenyewe, tunda? Kimya. Hakuna hata mmoja. Sasa tunaipaje alama? Mama akajibu, "Inafanana na ile pipi ya zamani." Kumbe tulikuwa tunalinganisha arki na pipi, na pipi nayo ilitengenezwa kwa arki. Tunda lenyewe halijawahi kufika kwenye kikao.

Siagi ya keki: 7. Karameli: 9! Bingwa wa mashindano, barafu yake inanukia kama sukari inayoungua taratibu kwenye sufuria ya kashata.

Kahawa: 5. Hii nilimpa yule mzee wa birika peke yake. Alinusa, akaonja, akanirudishia kikombe kwa adabu. "Mwanangu," akasema, "hii ni kahawa ya kusimuliwa." Mzee anakunywa arabika ya milima ya Tarime tangu ujana wake, utamdanganya na nini?

Hata vanila yetu ya 8 nayo ni ya kusimuliwa, msidhani. Vanila halisi ni ganda la mmea unaotambaa, hata Kagera ng'ambo ya ziwa wanaulima. Lakini mwaka 1874 Wajerumani wawili, Ferdinand Tiemann na Wilhelm Haarmann, waliitengeneza vanilini maabara kutokana na kitu kinachopatikana kwenye utomvu wa misonobari. Tangu hapo sehemu kubwa ya vanila inayoliwa duniani inatoka kiwandani. Si sumu. Ni chakula, tunakula, maisha yanaendelea.

Mama akachagua karameli na vanila ya kahawia. Wiki ya kwanza wateja wakaanza kurudi. Mimi nikavimba kichwa, nikaipiga picha ile karatasi ya alama, nikaiweka status ya WhatsApp. Hapo ndipo kisa chenyewe kinapoanzia.

Usiku ule ule akanipigia rafiki yangu wa Bunda. Tumesoma wote sekondari, ni kama ndugu. Ana vepu, ile sigara ya umeme, aliletewa na binamu yake kutoka Dar. Kimiminika chake kilikuwa kimeisha, na hela hana, amefulia kama sisi wote.

"Dada, hiyo karameli uliyoipa tisa, na ile ya kahawa, nitumie. Nimeona watu wanatengeneza wenyewe. Gliserini ninayo."

Na mimi, mwaka wa tatu sayansi ya chakula, nikasema sawa. Nilicheka hata. Asubuhi nikavifunga vichupa viwili kwenye gazeti, nikampa kondakta wa gari za Bunda pale stendi ya Bweri. Nikaenda kazini na amani yangu.

Siku ya pili jioni nilikuwa namsaidia mama kuchanganya maziwa. Nikakishika kichupa kipya cha karameli, macho yakashuka kwenye yale maandishi madogo yanayohitaji tochi. Mafuta ya mimea. Rangi. Na mwisho: kwa matumizi ya chakula tu. Nikasimama na mwiko mkononi. Somo zima likanirudia, na nililipata alama nzuri somo hilo, ndicho kinachonisuta.

Somo lenyewe ni hili. Kuna kitu kinaitwa diasetili. Ndicho kinachoipa siagi harufu yake, na kinatumika sana kwenye arki za siagi, karameli na keki. Kukila hakuna neno. Lakini mwaka 2000 huko Missouri, Marekani, waligunduliwa wafanyakazi wanane waliowahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha bisi, wote mapafu yao yameharibika. Vijia vidogo vya hewa vimepata makovu, havifunguki tena. Hawakuwa wamekula sumu yoyote. Walikuwa wanavuta mvuke wa arki ya siagi kila siku kazini. Ugonjwa ukabandikwa jina la mapafu ya bisi. Na mwaka 2015 watafiti wa Harvard walipima ladha 51 za sigara za umeme zilizokuwa sokoni, wakakuta diasetili kwenye 39.

Tena kuna mafuta. Mwaka 2019 Marekani watu walianza kujaa hospitalini kwa mapafu, wengi wao vijana. Hadi Februari 2020 walihesabiwa zaidi ya 2,800 waliolazwa au kufa, na waliokufa walikuwa 68. Mkosaji mkubwa aliyekutwa ni mafuta ya vitamini E, yaliyochanganywa kwenye vimiminika vya bangi vya mitaani. Vitamini E! Ipo kwenye karanga, ipo kwenye losheni. Tumboni rafiki, kwenye ngozi rafiki, kwenye pafu muuaji.

Nikampigia. Sauti yake imekwaruza.

"Umeshavuta?"

"Mara tatu nne hivi. Tamu kweli. Ila usiku nimekohoa, kifua kimebana kidogo."

Wadau, huyu jamaa alikuwa na pumu utotoni. Mimi nilikuwa najua. Tulikuwa tunakaa naye kivulini wenzetu wakikimbia mchakamchaka. Nililijua hilo na la diasetili nililijua, ila havikuwahi kukutana kichwani mwangu mpaka nilipokishika kile kichupa. Usiku ule sikulala.

Alfajiri nikaomba ruhusa kazini, nikapanda gari la Bunda. Nilimkuta amekaa nje, blanketi mabegani, jua linawaka. Nikampeleka kituo cha afya mwenyewe. Mganga akamsikiliza kifua, akasema pumu imeamshwa, akampa dawa ya kuvuta, akamwambia arudi baada ya wiki. Na nilimwambia mganga ukweli wote, nani alituma na nini kilitumwa. Aibu niliyoisikia pale siwezi kuiandika.

Tulipotoka jamaa akataka kunifariji. "Dada, usijitese. Si ungesema ni chakula? Barafu mbona watoto wanakula?"

Ndiyo hoja ya kila mtu, wadau, na ndiyo iliyokuwa yangu pia. Kama kinalika, kinavutika. Hapana. Tumbo lina asidi, lina ini nyuma yake linalochuja. Chakula kibaya tunakitapika. Pafu halina mlinzi wa namna hiyo, ngozi yake ni nyembamba ajabu ili hewa ipite iingie kwenye damu. Alama zangu zote zilikuwa za ulimi. Tisa ya karameli ni tisa ya barafu, kwa pafu haina maana yoyote. Na nilipoiweka ile karatasi hadharani sikuandika hivyo.

Wenzetu Uganda waliliona mapema, sheria yao ya tumbaku ya mwaka 2015 ilizikataza sigara za umeme na tumbaku yenye ladha. Hapa kwetu shisha ilipigwa marufuku mwaka 2016, nayo ilikuja hivyo hivyo, kwa harufu ya tufaha na mnanaa. Harufu tamu inaingia kwanza, kikohozi kinafuata.

Akanirudishia vichupa vyote viwili. Vepu yenyewe hakunipa, na sikumlazimisha, ni mtu mzima. Aliahidi kuikalisha mpaka kifua kitulie. Nitamfuata tena.

Kurudi sikwenda moja kwa moja Musoma. Nilishuka Makutano, nikachukua bodaboda hadi Butiama kwa bibi. Nilihitaji kumwona mtu asiyenihukumu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Mbona umepauka?"

Akanipa mtindi wa kwenye kibuyu chake, mzito, wenye harufu ya moshi. Nikaunywa, na nusura nicheke kwa uchungu. Maana mtindi ukichacha vizuri bakteria wenyewe wanatengeneza diasetili kidogo, ndiyo hiyo harufu ya siagi unayoisikia ukikaribisha kikombe puani. Bibi ameinywa miaka yote hiyo, kifua chake kizima. Nikamhadithia kisa chote, kwa lugha nyepesi, bila majina ya kemikali.

Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akakichukua kibuyu, akanionyesha ndani palivyo peusi kwa kijiti cha moto anachokifukizia.

"Moshi huu ni mzuri," akasema. "Ila tunafukiza kibuyu. Hatufukizi kifua."

Basi. Semista sita chuoni, na bibi akamaliza kwa sentensi mbili.

Jamaa anaendelea vizuri, jana amenitumia ujumbe kwamba amelala bila kukohoa. Barafu za karameli za mama zinatoka kama njugu, karibuni Musoma muonje. Ile karatasi ya alama nimeiandika upya. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, kabla ya vanila na kabla ya karameli, nimeweka mstari mmoja: ALAMA HIZI NI ZA KULA.

Kama unaye ndugu anayechanganya mwenyewe nyumbani, mwonyeshe hii. Mimi niliyemtumia wangu vichupa kwa mkono wangu nimeona afadhali niaibike hapa kuliko ninyamaze.

Naomba kutoa hoja.