Wosia Juu ya Mashine Ninazowaachia

Wajukuu zangu,

Mambo ya shamba la Pongwe na nyumba ya Ngamiani yamekwisha kuandikwa kwingine, msiyatafute humu. Ninachowaandikia hapa hakigawanywi na kadhi wala mahakama. Ni namna ya kuishi na kompyuta na simu, vitu vilivyokwisha kuingia katika kila jambo lenu, tangu kununua umeme hadi kuchangia mazishi. Naona mnajua sana kuvitumia na hamjui kuvitunza, na hilo la pili ndilo zito.

Nianze na mita ya umeme ya LUKU, kwa sababu hakuna kati yenu ambaye hakuiona mwaka 2024. Mita ile haijui Jumatatu wala Ijumaa. Inachojua ni dakika. Kila tokeni unayonunua imebeba ndani yake dakika iliyotolewa, iliyohesabiwa tangu tarehe 1 Januari 1993, ili mita iweze kuikataa tokeni iliyokwisha kutumika. Nafasi ya kuandikia hesabu hiyo ina ukomo wa dakika 16,777,216, ambazo zilitosha kufika tarehe 24 Novemba 2024 tu. Kenya, Afrika Kusini na nchi nyingine zenye mita za namna hiyo zilikuwa na siku hiyo hiyo. Ndiyo maana uliponunua umeme, simu ilikuletea makundi matatu ya tarakimu 20 kila moja: mawili ya kwanza ya kubadilisha ufunguo wa mita, la tatu ndilo umeme wenyewe.

Litafakarini jambo hilo. Mita za nchi nzima, zilizotundikwa kwenye kuta za nyumba za watu, hazikurekebishwa na wahandisi. Zilirekebishwa na vidole vya mama lishe, vya mwalimu, vya muuza kahawa. Sijaona kazi nyingine ya kompyuta iliyopita katika mikono ya watu wengi hivyo.

Na mtaani kwetu niliona vijana wa namna mbili. Wa kwanza walimwendea bibi aishiye peke yake, wakamsomea tarakimu nne nne, wakamwachia abonyeze mwenyewe, wakasubiri mpaka mita ikubali. Wa pili walisimama mlangoni kwanza wakataja bei. Mmoja alimtisha mzee wa watu kwamba umeme utakatwa usiku ule ule, ili atoe haraka. Kijana wa namna hiyo simtaki katika ukoo huu, awe na shahada ngapi. Mita zilizobadilishwa ufunguo sasa zinahesabu tangu mwaka 2014, na hesabu hiyo nayo itajaa Novemba 2045. Mimi sitakuwepo. Ikiwa mita za namna hii bado zitakuwa ukutani, nawausia mpite nyumba kwa nyumba kabla ya siku hiyo, na msipokee hata hela ya soda.

Mnalalamika kwamba apdeti zinakula bando, zinajaza simu, zinahamisha vitufe mlivyovizoea. Ni kweli, na bando ni fedha. Mwenye simu ndogo ana haki ya kukasirika anapoambiwa kila mwezi afute picha za watoto ili programu ipate nafasi. Hata hivyo nawaomba msiziache, na sababu yangu ni hii. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu fulani ndani ya Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo kirusi kilichoitwa WannaCry kilipita katika tundu hilo hilo, kikafunga mafaili ya watu na kudai fidia, katika nchi zaidi ya 150. Kilikuwa kikiruka kutoka mashine moja hadi nyingine bila mtu kubonyeza chochote. Uingereza, hospitali za umma zilifuta miadi ya wagonjwa, na makadirio yao wenyewe yalipita miadi 19,000. Kiraka kilikuwapo kwa karibu miezi miwili. Kilichokosekana ni mtu wa kukiweka.

Mgonjwa aliyerudishwa nyumbani siku ile hakuwahi kuigusa kompyuta iliyomponza. Hapo ndipo ninapotaka mpaone. Ukiacha choo chako kikabomoka wakati wa kipindupindu, huwezi kusema ni choo changu na shauri langu; mtaa mzima utaugua. Simu au kompyuta iliyounganishwa na nyingine ina hukumu hiyo hiyo.

Lakini sikuwaambia mbonyeze kila kinachong'aa. Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni inayolinda kompyuta za wengine, ilisambaza faili bovu, na kompyuta za Windows takribani milioni 8.5 zikaanguka. Ndege zililala viwanjani, benki zikasimama, hospitali zikarudi kwenye karatasi. Waliofanya hivyo hawakuwa wezi, walikuwa walinzi. Walilirekebisha faili lile upesi, ndani ya saa moja na nusu hivi, ila mashine zilizokwisha kuanguka nyingi zilihitaji mtu aende akazishughulikie moja moja. Kwa hiyo atakayekabidhiwa kompyuta za shule au za zahanati, aweke sasisho kwanza kwenye mashine moja, aiangalie ikifanya kazi, kisha aende kwa nyingine. Simu yako ya mfukoni haihitaji tahadhari hiyo. Isasishe kutoka kwenye mipangilio yake yenyewe, wala usifuate kiungo kilichokuja kwa ujumbe. Anayekutumia apdeti kwa meseji ni ndugu yake yule tapeli anayeandika "ile hela tuma kwenye namba hii".

Na daftari lisitupwe. Nilipokuwa na homa mwaka jana nilifika kwenye zahanati moja, karani akaniambia mfumo uko chini, nirudi kesho. Daktari alikuwapo, dawa zilikuwapo, wagonjwa tulijaa benchi zima. Kilichotufukuza ni kwamba hakuna aliyeweka kitabu na kalamu kwa ajili ya siku kama ile. Kati yenu wapo watakaokaa nyuma ya meza hizo. Nawaapisha: mtu mgonjwa asirudishwe kwa sababu kioo kimezimika. Andikeni kwa mkono, mfumo ukirudi mkae mpaka usiku mkiingiza. Ni kazi ya kuchosha, ndiyo, na ndiyo kazi mliyoajiriwa kuifanya.

Nyinyi mmezaliwa mkazikuta mashine hizi, kwa hiyo hamjui kwamba nchi hii iliwahi kuzifungia mlango. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa Hazina kuleta hasara na vurugu za hesabu. Nilikuwa karani kijana wa uhasibu, nikajumlisha safu za tarakimu kwa kalamu miaka mingine mingi. Wapo wanaoicheka amri ile leo. Mimi siicheki. Fedha ya umma ilipotea, na aliyeilinda alikuwa na haki ya kuuliza mashine hizi zinamfaa nani. Ubaya ni kwamba tulifunga mlango badala ya kusomesha mafundi, na ulipofunguliwa hatukuwa na watu wetu wa kutosha wa kuzihudumia. Swali la wakati ule bado nalipenda, na mliulize kila mara mfumo mpya unapoletwa: utamfaa nani, na nani ataushughulikia ukiharibika baada ya wafadhili kuondoka?

Kwa maana kuzindua tunajua sana. Ngoma, utepe, hotuba. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu, kwa Kiswahili kitupu. Niliiona nikafurahi mno, maana mzee mwenzangu aliyeishia darasa la saba aliweza kusoma kila amri bila kumwita mtoto. Leo zungukeni maofisini muulize nani anaitumia. Kazi kama ile inataka mtu wa kuirudia kila mwaka, kurekebisha maneno, kufuata toleo jipya, na mtu huyo hapigwi picha na gazeti. Nawataka muwe watu hao. Kama mmoja wenu ana kipaji cha kompyuta, akichukue kitu kizuri kilichoachwa nusu akiendeleze, kabla hajaanzisha cha kwake.

Jingine ni hili la kutupa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha viraka vya kawaida vya bure kwa Windows 10, toleo lililotoka mwaka 2015, na kompyuta nyingi nzima kabisa hazikidhi masharti ya Windows 11. Mtaambiwa zimekufa. Hazijafa. Fundi mzuri atawawekea Linux, mfumo wa bure unaoendelea kupata viraka, na mashine itawatumikia watoto wa shule kwa miaka. Kumtupia mtu wa jalalani kompyuta nzima, avunje na kuchoma nyaya zake ili apate shaba, huku moshi ukiwaingia wanawe, ni dhuluma. Msiifanye.

Wafundisheni mama zenu na shangazi zenu bila kukunja uso. Nimewaona mkimnyang'anya bibi simu, mkabonyeza haraka haraka, mkamrudishia mkisema tayari. Hakujifunza kitu, na kesho atamwomba mtu asiye wa kwenu, ambaye ataisoma namba yake ya siri. Kaeni naye. Arudie mara kumi ikibidi. Yeye aliwafundisha kufunga vifungo vya shati na hakuwahesabia.

Sasa mambo ya kwangu. Picha zote za familia na orodha ya chama chetu cha kuzikana zimo kwenye diski mbili za nje. Moja iko kabatini kwangu, nyingine kwa shangazi yenu Muheza, ili moto au mwizi asizipate zote. Zifungueni zote mbili kila mwaka baada ya Idi, maana diski iliyokaa bila kufunguliwa hujui kama bado ni nzima. Ikianza kugoma, nunueni nyingine mnakili siku hiyo hiyo. Kompyuta yenyewe apewe yule mdogo anayesoma sekondari, akishaniahidi kwamba ataisasisha. Neno la siri nimeliandika kwa mkono, limo kwenye bahasha kwa shangazi yenu. Mkilibadilisha, mpelekeeni jipya.

Babu yenu,
Tanga